MAISHA YA IMAM NAWAWI NA JINSI ALIVYOITAWALA NAFSI YAKE

Sifa zote njema zamthubutikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa usiku na mchana, aliyewapa waja wake umri ili wauamali kwa kheri. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baadu. Ni vigumu kupata chuo katika Pwani hii ya Afrika Mashariki kinachosomesha madhehebu ya Imam Shafii ambamo jina la Nawawi halitajwi. Mtoto akiisha kuhitimu Qur'ani husomeshwa Arubaini yake. Akipanda kidogo husomeshwa Riyadhus Salihina. Na akifika daraja ya wanavyuoni hupewa Minhaji, kitabu walichokitegemea makadhi wa Pwani katika hukumu zao kwa miaka mingi. Lakini wengi waliosoma vitabu hivi hawazijui khabari za mwenyewe aliyevitunga: aliishi vipi, alikula nini, alilala namna gani, na ni kitu gani kilichomwezesha mtu aliyeishi miaka 45 tu ya Hijriya kuacha nyuma yake ilmu ambayo mwenye kuishi miaka 80 haimalizi kuisoma. Khabari hizo zinamfaa kila mtu, khasa yule anayelalamika daima kuwa siku ni fupi, kazi ni nyingi na nafsi ni nzito.

KUZALIWA KWAKE NA UTOTO WAKE

Jina lake ni Yahya bin Sharaf, na kun-ya yake ni Abu Zakariya. Alizaliwa katika mwezi wa Mfunguo Nne, yaani Muharram, mwaka 631 Hijriya (1233), katika mji mdogo uitwao Nawa, katika nchi ya Hauran, kusini ya Damascus. Kwa mji huo ndipo akaitwa Nawawi. Watu walimpa lakabu ya Muhyiddin, maana yake mwenye kuihuisha dini. Lakini imepokewa kuwa yeye mwenyewe aliichukia lakabu hiyo, na akasema kuwa hamsamehi mwenye kumwita kwayo.

Baba yake, Sharaf, hakuwa mwanachuoni wala hakuwa tajiri. Alikuwa mtu mwema mwenye duka, akila kwa jasho lake na akijichunga na haramu. Alipofika umri wa kufaa kazi, mtoto aliwekwa dukani amsaidie baba yake. Lakini mizani na wanunuzi havikumshughulisha na Qur'ani, kwani midomo yake ilikuwa haiachi kusoma hata akiwa katika kuuza na kununua.

Alipokuwa na umri wa miaka kiasi ya 10 alipita Nawa mcha Mungu mmoja, jina lake Sheikh Yasin bin Yusuf wa Marrakush. Akawaona watoto wanamlazimisha Yahya kucheza nao, na yeye anawakimbia huku akilia na huku akisoma Qur'ani. Mapenzi ya mtoto yule yakamwingia Sheikh moyoni. Akamwendea mwalimu wake wa chuo akamuusia amtunze, akimwambia kuwa inatarajiwa mtoto huyu awe mjuzi na mcha Mungu kuliko watu wa zama zake. Mwalimu akamuuliza kama yeye ni mpiga ramli. Sheikh akakana, akasema kuwa maneno hayo Mungu ndiye aliyeyatia ulimini mwake. Mwalimu akampa baba yake khabari ile, na tangu siku hiyo baba akashika hima mpaka mwanawe akahitimu Qur'ani karibu na kubaleghe.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na wazazi. Sharaf hakujua kusomesha, lakini alijua kumsikiliza anayejua. Angelisema kuwa duka lina haja ya mikono na kuwa masomo yangoje, angalipata mchuuzi mmoja zaidi katika mji wa Nawa, na Umma ungelimkosa Imam.

KWENDA KWAKE DAMASCUS

Katika mwaka 649 Hijriya (1251), Yahya akiwa kijana wa miaka 18 akiingia 19, baba yake alimchukua akampeleka Damascus, mji wa ilmu katika nchi ya Sham. Baada ya kuonyeshwa kwa wanavyuoni wa mji, alikaa katika madrasa iitwayo Rawahiya, akasoma kwa Sheikh Kamaluddin Is-haq wa Maghribi. Chumba chake kilikuwa kidogo, na chakula chake kilikuwa ile posho ya madrasa tu wanayopewa wanafunzi. Yeye mwenyewe ameeleza kuwa katika miaka miwili ya mwanzo hakuulaza ubavu wake chini.

Alianza na kitabu cha Tambihi cha Abu Is-haq Shirazi, akakihifadhi kwa moyo katika miezi minne na nusu. Kisha katika miezi iliyobaki ya mwaka ule ule akahifadhi robo ya ibada katika kitabu cha Muhadhabu cha Sheikh huyo huyo. Mwalimu wake alipouona upesi wake na namna anavyojitenga na mazungumzo ya bure, akampenda sana, akamfanya msaidizi wake wa kuwarejelea wanafunzi wengine darsa zao.

Mwaka 651 alikwenda Hija pamoja na baba yake. Homa ilimshika tangu walipotoka Nawa, haikumwacha mpaka siku ya Arafa. Na baba yake amesimulia kuwa hakumsikia mwanawe akiguna hata mara moja. Alipokaa Madina muda wa mwezi mmoja na nusu kisha akarejea Damascus, ilimu ilimfungukia kama mvua.

MASOMO KUMI NA MAWILI KWA SIKU

Mwanafunzi wake Alauddin bin Attar, aliyekaa naye mpaka akaitwa Nawawi Mdogo, amepokea kutoka kwake kuwa alikuwa akisoma kila siku masomo 12 kwa masheikh zake, kwa sharhe na kwa kusahihisha. Mawili yalikuwa katika Wasiti ya Ghazali, moja katika Muhadhabu, moja katika Sahihi Muslim, na mengine katika nahau, sarufi, lugha, asili za fiqhi, majina ya wapokezi wa hadithi na asili za dini. Na hakuwa akisikiliza tu kisha akaondoka. Kila somo aliliandikia yaliyo mushkili ndani yake na akayatia irabu maneno yake. Hata njiani, akienda na akirejea, alikuwa akikariri aliyoyahifadhi. Akaendelea hivyo kwa muda wa miaka sita.

Lakini asidhani msomaji kuwa mtu huyu alikuwa na pupa ya kukusanya kila ilmu. Siku moja ilimpitikia ajishughulishe na utabibu, akanunua kitabu cha Kanuni cha Ibn Sina. Utabibu ni ilmu tukufu, na kuijua ni faradhi ya kutoshelezana juu ya Waislamu. Walakini alipoanza kuisoma aliona moyo wake umeingia giza, akawa siku kadhaa hawezi kufanya kazi yoyote. Akajiuliza giza hilo limetoka wapi, akatambua kuwa limetoka katika kuiacha njia yake. Akakiuza kile kitabu, akatoa chumbani mwake kila kilichohusu ilmu hiyo, na nuru yake ikamrudia.

Hakukiuza kitabu kile kwa kukidharau, bali kwa kuijua kazi yake. Watu wengi hawapotei kwa maovu. Hupotea kwa mambo mazuri yasiyokuwa yao. Huanza hili wakaliacha, wakashika lile wakalitupa, na kila moja katika hayo ni jema lau angelishika mwenyewe. Mwisho umri ukaisha na mikononi hamna kitu.

CHAKULA CHAKE, MAVAZI YAKE NA USINGIZI WAKE

Alikuwa akila mara moja tu kwa siku, baada ya sala ya Isha, na akinywa maji mara moja wakati wa daku. Na siku zake nyingi zilikuwa ni za saumu. Hakunywa maji ya barafu yaliyopendwa na watu wa Damascus. Mtu mmoja alimpelekea tango lililokwisha menywa, akakataa kulila, akasema kuwa anaogopa lisije likautia mwili wake unyevu likamletea usingizi. Nguo yake ilikuwa ya kitambaa kigumu, yenye viraka, na kilemba chake kilikuwa kidogo.

Usingizi ukimshinda, huviegemea vitabu vyake muda kidogo kisha akaamka. Chumba chake kilijaa vitabu hata mgeni akija hubidi viondolewe na kuwekwa juu ya vingine ili apate pahali pa kukaa.

Matunda ya Damascus, mji uliosifika kwa mabustani yake, hakuyala. Alipoulizwa sababu, hakusema kuwa ni haramu. Alieleza kuwa mashamba mengi ya mji ule ni ya wakfu au ni mali ya mayatima na wengine walio chini ya usimamizi, na mali hizo haziendeshwi ila kwa njia yenye maslaha yao; na mapatano wanayofanya watu juu ya miti hiyo yana khitilafu baina ya wanavyuoni; basi nafsi yake haikutulia kula. Chakula chake kikawa ni kile anachopelekewa na wazazi wake kutoka Nawa: mikate na tini za shamba la baba yake, ambaye alimjua anavyochuma.

Wala hakuoa. Na hili lisichukuliwe na mtu kuwa ni dharau ya ndoa, ambayo ni suna ya Mitume. Katika Minhaji yake mwenyewe ameandika kuwa kuoa ni suna kwa mwenye kuhitaji na mwenye uwezo, na kuwa asiyekuwa na haja nako, ibada kwake ni bora. Aliijua nafsi yake iko upande gani, akaihukumu kwa hukumu ile ile aliyowahukumu wengine.

TAABU YA ZAMA ZAKE

Huenda mtu akadhani kuwa Imam Nawawi aliweza haya kwa sababu aliishi katika zama za raha na amani. Sivyo. Mwaka 656 Hijriya (1258), yeye akiwa na umri wa miaka 25, majeshi ya Matartari waliotoka Mashariki yaliingia Baghdad, yakamwua Khalifa, yakawaua raia wengi wasiohesabika, na nyumba za vitabu zikaangamia. Baada ya miaka miwili, mwaka 658 (1260), walichukua nchi ya Sham na Damascus yenyewe ikaingia mikononi mwao, mpaka walipovunjwa na majeshi ya Misri huko Ain Jalut katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka ule ule.

Katika miaka kama hiyo ni rahisi mtu kusema: Kuna faida gani kusahihisha mas-ala ya udhu na hali dola ya Kiislamu inaanguka? Nawawi hakusema hivyo. Kiasi cha mwaka 660, vumbi la vita halijatulia, ndipo aliposhika kalamu akaanza kutunga. Aliona kuwa majumba yakibomolewa hujengwa, na ufalme ukiondoka huja mwingine, lakini dini ikiondoka vifuani mwa watu hakuna wa kuirejesha. Hakuwa na upanga wa kuzuia jeshi, akafanya lile lililokuwa katika uwezo wake, na alilifanya kila siku bila ya kungoja dunia itulie kwanza.

VITABU VYAKE

Tangu alipoanza kutunga mpaka alipokufa haikupita ila miaka 16 hivi. Katika muda huo alitunga sharhe kubwa ya Sahihi Muslim, Raudha, ambayo ni katika tegemeo za madhehebu yetu, Minhaji, aliyoifupisha kutoka Muharrari ya Imam Rafii na akazidisha ndani yake yaliyohitajiwa, Tibiyani katika adabu za wenye kusoma Qur'ani, Adhkari, Riyadhus Salihina, Tahadhibu katika majina na lugha, na Arubaini, ambayo ndani yake mna hadithi 42. Sharhe mbili walizozitegemea wanavyuoni wa Pwani, yaani Tuhfa ya Ibn Hajar na Nihaya ya Ramli, zote mbili ni sharhe za Minhaji yake.

Kitabu chake kilicho kikubwa kuliko vyote katika fiqhi ni Majmuu, nacho ni sharhe ya Muhadhabu, kile kitabu alichoanza kukihifadhi akiwa mgeni wa Damascus. Alikifikisha katika mlango wa riba, mauti yakamkuta hajakimaliza. Kitabu alichokishika katika mwaka wake wa kwanza wa masomo ndicho alichokuwa nacho mkononi katika mwaka wake wa mwisho. Hii ndiyo istikama.

Juu ya wingi wa kazi hii, hakuona kuwa kila alichoandika kinastahiki kubakia. Ibn Attar amesimulia kuwa Sheikh wake alimpa amri akavioshe vijalada kiasi ya 1,000 alivyoviandika kwa mkono wake mwenyewe, wino ufutike, na akamwonya asimkhalifu. Ibn Attar alitii, na majuto yake hayakumtoka moyoni umri wake wote. Mtunzi hujua kuwa kalamu inaweza kwenda kwa ajili ya Mungu, na inaweza kwenda kwa ajili ya jina. Na Arubaini, na Riyadhus Salihina, na Adhkari, vyote mwanzo wake ameiweka hadithi ya nia. Lile alilowafunza watu ndilo alilojihesabu nalo yeye mwenyewe.

YEYE NA SULTANI BAIBARS

Mwaka 665 (1267) alipokufa Abu Shama, Nawawi alipewa ukuu wa Darul Hadithi Ashrafiya, cheo kikubwa kwa wanavyuoni wa Damascus, naye umri wake ni miaka 34. Alikikubali kazi yake, lakini mshahara wake hakuula. Watu walimstaajabia. Huenda wengine waliona kuwa anazidisha, kwani mshahara wa kusomesha ni halali. Faida yake ilidhihiri baadaye.

Mtawala wa Misri na Sham zama hizo alikuwa Sultani Dhahir Baibars, shujaa aliyewapiga Matartari na Masalibi, mtu wa kuogopwa sana. Sultani alitaka kuyatia mkononi mashamba ya Damascus kwa hoja ya kuwa ni mali ya dola, na wenyewe walazimishwe kuleta ushahidi wa milki zao. Nawawi alimwandikia barua kumweleza kuwa mtu mwenye kitu mkononi mwake ndiye mwenyewe kwa hukumu ya sharia, wala hadaiwi ushahidi, na kuwa watu wamedhikika kwa jambo hilo. Sultani akakasirika na akawatisha wanavyuoni. Nawawi akaandika tena kwa adabu lakini bila ya kulegea, akamjulisha kuwa vitisho havimdhuru wala havimzuii kumnasihi.

Akatazama basi yule mtu asiyelala kitandani na asiyekula matunda ya mji. Imepokewa kuwa Sultani alipoghadhibika aliamuru mishahara yake ikatwe na vyeo vyake viondolewe. Akaambiwa kuwa hana mshahara anaoupokea. Hapakuwa na kitu cha kukatwa. Mfalme aliyeziteka ngome hakupata pahali pa kumshika mtu anayekula mkate na tini za babaye.

Na imepokewa tena kuwa Sultani alipotaka kutoza raia mali kwa ajili ya vita na Matartari, aliwataka wanavyuoni watoe fetwa ya kujuzu, wakaandika. Nawawi alikataa. Alipoulizwa na Sultani sababu yake, alimkumbusha kuwa yeye alikuwa mtumwa asiye na mali, kisha Mungu akampa ufalme. Na kuwa anao mamluki wengi wenye mishipi ya dhahabu, na vijakazi wenye mapambo. Akamwambia kuwa hazina ikiwa tupu, na vitu hivyo vikiisha kuuzwa na kutumiwa, hapo ndipo atakapompa fetwa ya kuchukua mali za raia. Sultani akamwamuru atoke katika mji wake. Akatii, akarejea Nawa. Wanavyuoni walipomwombea arudishwe na Sultani akaridhia, Nawawi alikataa kuingia Damascus maadamu Dhahir yumo. Haukupita muda Sultani akafa humo Damascus, mwezi wa Mfunguo Nne mwaka 676 (1277).

Kutokana na khabari hizi ndipo inapofahamika siri ya maisha yake. Njaa ile, na kanzu ile yenye viraka, havikuwa vya kujionyesha, wala havikuwa vya kujitesa bure. Kila alichojizuia nacho kilikuwa ni kamba moja aliyoikata, mpaka akawa hana kamba hata moja ya kuvutwa nayo. Ulimi wa mtu hufungwa na tumbo lake. Mwenye kuishinda tamaa yake chumbani peke yake ndiye atakayeweza kusema haki mbele ya mwenye nguvu. Na aliyeshindwa na kipande cha tunda hawezi kushindana na Sultani.

KUFA KWAKE

Mwaka ule ule wa 676, Imam Nawawi alitengeneza mambo yake kama msafiri afungaye mizigo. Alivirejesha vitabu vya wakfu alivyokuwa ameviazima. Alizuru makaburi ya masheikh zake, akasoma na akawaombea dua. Akawazuru masahibu zake walio hai akawaaga. Kisha akenda kuzuru Baitul Muqaddas na mji wa Khalil, akarejea Nawa, akaugua nyumbani kwa baba yake. Akafa usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 24 Rajabu (Disemba 1277), baada ya Sultani kwa miezi sita tu, akazikwa Nawa. Khabari ilipofika Damascus mji ulitikisika kwa kilio, na Kadhi Mkuu pamoja na jamaa walisafiri kwenda Nawa kumsalia kaburini.

Baba yake, yule mwenye duka, alikuwa yu hai. Alimzika mwanawe asiyeacha mke wala mtoto wala nyumba.

Baada ya miaka mingi, Sheikh Takiyuddin Subki, mwanachuoni mkubwa aliyejaribu kuiendeleza Majmuu pale ilipokatika, aliishika Darul Hadithi Ashrafiya. Mwanawe amesimulia kuwa usiku alikuwa akitoka akaenda kuufuta uso wake katika zulia la kale la pahali pale, kwa kutarajia kuwa utagusa pahali palipokanyagwa na nyayo za Nawawi. Ama Sultani Baibars, kaburi lake limo katika madrasa ya Dhahiriya mjini Damascus, na jumba hilo baadaye likafanywa nyumba ya vitabu. Na kaburi la Nawawi lililipuliwa mwaka 2015 katika vita vya Sham. Lakini asubuhi yake watoto wa vyuoni, Lamu na Unguja na Hadhramaut na Jawa, walikaa mikekani wakasoma Arubaini yake kama walivyosoma jana.

MAFUNZO YA MAISHA HAYA

Ajue msomaji kuwa haikutakiwa kwa kila Mwislamu kula mara moja kwa siku wala kuacha kuoa. Mwenye mke na watoto, mwili wake una haki, na ahali zake wana haki, na wageni wake wana haki. Atakayeiga njaa ya Nawawi bila ya kuwa na kazi ya Nawawi atapata njaa tu. Linaloigwa ni lile lililokuwa nyuma ya njaa hiyo.

La kwanza ni mtu kuijua kazi aliyoumbiwa kuifanya, na kuwa tayari kuuza Kanuni yake. Yaani kuacha hata jambo zuri likiwa linamtoa katika njia. La pili ni kudumu. Ukurasa mmoja kila siku kwa miaka 16 hushinda juzuu kumi zilizoanzwa kwa ghadhabu ya siku tatu. Seremala, mvuvi, mke katika nyumba yake na mwanafunzi katika chuo, kila mmoja ana ukurasa wake wa siku. La tatu ni kupima kila anachokipokea mkono, kitamfunga wapi kesho. La nne ni kuihesabu nia, na kutoona uchungu kukiosha kile kilichoandikwa kwa ajili ya watu.

Na mtu asingoje nafasi. Nawawi hakuwa na nafasi. Alikuwa na homa njiani, na Matartari mlangoni, na Sultani juu ya kichwa chake, na miaka michache asiyoijua idadi yake. Saa zilizo katika siku yake ni zile zile zilizo katika siku ya kila mtu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Nawawi, na amrehemu baba yake aliyemtoa dukani akampeleka chuoni, na awarehemu masheikh zake. Na atupe sisi sote nguvu juu ya nafsi zetu kabla ya kuwa na nguvu juu ya wengine, na atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi taufiki.